Simu ndani ya soksi: mwajiri aingie hadi wapi kwenye mambo ya nyumbani ya mfanyakazi?

Karani wa Shimanzi (mwenye uzi)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka hapa tulijadili kwa uzito wake.

Nafanya kazi kwenye godauni la chai Shimanzi, hapa Mombasa. Nilianza karani, sasa ni msimamizi wa zamu. Chai inateremka kutoka Kericho, Nandi, Meru, nyingine Uganda na Rwanda, inapimwa, inachanganywa, inapakiwa upya ingoje meli. Kwenye mizani na kwenye kushona magunia wengi ni akina mama. Simu kwetu haziingii ndani. Unamwachia soja getini, anaiweka kwenye kisanduku chenye namba yako, unaichukua ukitoka. Amri hiyo ina sababu, maana foklifti zinapita kutwa, na mtu aliyeinamia simu hazisikii.

Kulikuwa na mama mmoja wa mizani. Ndani ya mwezi mmoja alichelewa mara nne, na mara mbili akaomba kuondoka kabla ya zamu kwisha. Barua ya onyo ya kwanza nilimwandikia mimi. Ya pili ilikuwa mezani kwangu ikingoja sahihi. Siku hiyo nimesimama ubavuni mwake tunahakiki uzani, nikasikia kitu kinanguruma chini, kama nyuki ndani ya kopo. Akatupa jicho mguuni. Simu alikuwa ameitia ndani ya soksi, kaifunga kwa lastiki ya nywele. Hakuigusa. Aliendelea kunisomea namba, hamsini na nane, hamsini na nane nukta mbili, sauti inakatika, simu inanguruma, inanyamaza, inaanza tena.

Nikamwambia atoke nje apokee. Aliporudi ndipo nikajua. Mwanawe wa miaka sita ana selimundu. Wanaojua ugonjwa huo wanajua mtoto anavyolia mifupa ikimshika, na jinsi baridi kidogo au homa ndogo inavyotosha kumwangusha. Mtoto anakaa na bibi yake Mtongwe. Yakimshika usiku, mama halali. Alfajiri anavuka naye feri, anampeleka Hospitali Kuu ya Pwani, anamwacha na bibi, ndipo anakuja kazini. Kule kuchelewa kote kulikuwa huko.

Nikamwuliza kwa nini hukuniambia. Akanijibu, "Ningekwambia halafu? Mwenzangu alikuja ofisini akaeleza ya mumewe, wiki haikwisha soja anayajua."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli.

Tulichofanya hakikugharimu kitu. Kwenye ofisi ya mizani kuna simu ya mezani, haikuwa na kazi kubwa. Tukasema kila mfanyakazi awape watu wake wa nyumbani namba ile, na karani akipokea, anamwita mhusika papo hapo bila kuuliza ni nani na kuna nini. Mama yule akapewa ruhusa ya siku za kliniki, anazileta mapema zikiwa zimeandikwa kwenye kadi ya mtoto, anabadilishana zamu na mwenzake. Barua ya kwanza niliitoa kwenye faili lake, nikamwomba radhi mbele ya yule niliyemtolea nakala. Tangu hapo sijaona simu kwenye soksi ya mtu.

Lakini mambo haya yamesimama juu yangu mimi. Nikihamishwa kesho, akija mwingine asiyetaka kusikia habari za mtoto, yamekwisha. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka siku 21 za kazi, uzazi miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, kwa mshahara kamili. Ukiugua wewe mwenyewe, ukiwa umetimiza miezi miwili kazini, una siku saba za mshahara kamili na saba za nusu. Akiugua mtoto wako, hakuna siku. Akifa mama yako, hakuna siku. Hapo kila kitu ni huruma ya mkubwa wako, na huruma ina wapenzi wake. Anayejua kulia vizuri mbele ya bosi anapata, aliye kimya anapata barua.

Ninachosema mimi: msaada wa mambo ya nyumbani uandikwe. Siku ngapi, pesa ngapi, unamwona nani, na huyo mtu anafunga mdomo. Nataka kusikia kwenu mnafanyaje.

---

Cherehani Kongowea

Ndugu karani, nakuheshimu, lakini wewe unaongea kwa mdomo wa kampuni. Mimi nina mafundi watano, vyerehani sita, na kodi ya kibanda. Kila mmoja akiwa na siku zake zilizoandikwa za mtoto, za msiba, za mkwe, sare za shule za watu zitashonwa na nani mwezi wa kumi na mbili? Siku mtu hayupo, mimi ndiye ninayekalia cherehani yake hadi saa nne usiku. Kazi ni kazi. Ya nyumbani kila mtu ana yake, na mimi ninayo.

---

Bint Mikindani

Mimi niko kiwanda cha nguo, sitataja kipi. Nilirudi kazini mtoto ana miezi mitatu na siku mbili. Maziwa yanajaa, yanauma, yanalowesha dera. Nikawa nakamua chooni, mlango haufungi, nimeuzuia kwa mguu, chupa nimeishika kwa meno nikibadilisha mkono. Nayamwaga. Mwanangu yuko nyumbani anapewa uji mwepesi, na mimi namwaga maziwa yake kwenye choo cha kampuni.

Baadaye sana ndiyo nikajua kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyesha chenye mahali pa kunawa, friji, meza na kiti, na mama apewe mapumziko ya kunyonyesha au kukamua, hadi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi, juu ya mapumziko ya kawaida. Kwa hiyo karani, hata kuandikwa peke yake hakutoshi. Hili limeandikwa, nami nilikuwa chooni. Lazima pia pawe na mtu wa kumwambia mfanyakazi siku anaporudi: chumba kile pale, ufunguo huu hapa.

---

Karani wa Shimanzi

Bint Mikindani, nimekusoma mara mbili. Kwetu chumba hicho hakipo. Jumatatu nalipeleka jambo hili kwa maandishi, na nitarudi hapa kusema nimejibiwa nini.

Cherehani, nakuelewa, mtu wa mafundi watano si sawa na godauni la watu mia. Nikuulize tu kwa wema: fundi wako akifiwa leo, unafanyaje?

---

Cherehani Kongowea

Namwacha aende, bila shaka. Mimi si mnyama. Namtolea elfu tatu, elfu nne, kulingana na mfuko.

---

Karani wa Shimanzi

Basi msaada unao tayari. Kilichobaki ni mafundi wako kuujua kabla ya msiba. Mmoja akipata elfu nne na mwingine elfu mbili kwa kuwa mwezi ule ulikuwa mbaya, yule wa pili hatausahau mpaka anazeeka.

Nieleze tunavyofanya sisi kwenye zamu yangu, tuko 38. Kila mmoja anakatwa shilingi 200 akifiwa mwenzetu, hiyo ni 7,600. Tulimwomba mkubwa aongeze shilingi kwa shilingi, akakubali, inakuwa 15,200. La maana zaidi ni kwamba pesa zinakaa tayari, hazikusanywi baada ya msiba. Mwislamu akifa asubuhi, adhuhuri au alasiri ameshazikwa. Sanda, maji, gari la kwenda makaburini, vyote ni siku hiyo hiyo. Mchango wa mwisho wa mwezi unakuja watu wameshasoma khitma. Na mwenzetu wa bara naye ana gari la kusafirisha maiti hadi kwao, halimngoji mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mweka hazina anatuma kwa M-Pesa ndani ya saa moja, halafu ndiyo tunarudishia mfuko.

---

Mke wa Zamani wa Hoteli

Kuna jambo lenu la Pwani ambalo kampuni nyingi hazitaki kulielewa, nami lilinipita mwilini. Eda.

Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ufukweni, zamu za usiku na mchana kwa kupokezana. Mume wangu alifariki ghafla. Eda ya mjane wa Kiislamu, ule muda wa kukaa nyumbani baada ya kufiwa, ni miezi minne na siku kumi. Nilipokwenda kwa meneja, kabla sijakaa akaniambia, "Hatuwezi kukupa miezi minne." Sikuwa nimeomba miezi minne! Masheikh wengi wanaruhusu mjane atoke mchana kwa haja yake, kazi ikiwemo, ili mradi usiku alale nyumbani kwake. Nilichoomba ni kutolewa zamu ya usiku kwa muda huo. Kulikuwa na wenzangu wawili waliokuwa tayari kunibadilishia, tena mmoja Mkristo, alikuwa anaipenda ile ya usiku kwa sababu ya masomo yake.

Alikataa. Akasema akinifanyia mimi, kila mtu atakuja na dini yake. Nikamaliza likizo yangu ya mwaka, nikaongeza siku bila mshahara, mwisho nikaacha kazi nikiwa na watoto wawili na kodi ya Bamburi. Miaka sita imepita. Huyo meneja hakuwa mtu mbaya, alituma hata maua. Aliona eda akadhani ni likizo, hakuuliza swali moja tu: unahitaji nini hasa?

Ndiyo maana nasema kabla ya kuandika hizo siku na pesa, fundisheni wasimamizi kuuliza hilo.

---

Pwani Huru

Poleni dada zangu. Mimi nakuja na upande mwingine na naomba nisieleweke vibaya.

Mwajiri akijua mambo yako ya nyumbani, anayo kamba ya kukufunga. Mwaka 1914 Henry Ford, yule wa magari kule Marekani, alitangaza dola 5 kwa siku, na dunia ikamsifu. Sehemu kubwa ya pesa hizo ilikuwa bonasi, na ili uipate wakaguzi wa kampuni walikuja hadi nyumbani kwako: unakunywa? unaweka akiba? nyumba safi? unaishi na nani? Usipowaridhisha, bonasi inazuiwa. Huo nao uliitwa msaada.

Msidhani ni mambo ya kale. Shemeji yangu aliomba advansi ya karo ya mtoto mwezi wa kwanza. Akapewa, akashukuru. Mwezi wa tatu akaomba tena, mama yake amelazwa. Kufikia mwezi wa sita alikuwa anapeleka nyumbani shilingi elfu mbili na mia tatu kwa mwezi, nyingine zote zimekatwa. Akitaka kuacha kazi anaambiwa lipa kwanza. Sheria inasema makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili ya mshahara, yaani theluthi moja lazima ifike mkononi. Nani alimwambia? Mkononi alikuwa na karatasi ya mshahara tu, na aibu.

Na hizo siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu afya yako, ndoa yako, hata majina ya watoto wako, kuwa taarifa nyeti. Ziko kwenye faili gani ofisini kwenu, karani? Nani ana ufunguo?

---

Karani wa Shimanzi

Swali zuri na limenichoma. Ufunguo ninao mimi, na upo mwingine kwa mhasibu. Ile kadi ya kliniki ya mtoto nilikuwa nimeitolea nakala, nikaitia kwenye faili. Haikuwa na haja. Kumjua mtoto ana kliniki tarehe fulani kunatosha, jina la ugonjwa halikuhitaji karatasi. Kesho naitoa nimkabidhi mwenyewe.

Na juu ya advansi nakubaliana nawe kabisa. Mkopo wa mwajiri una raha ya kwanza na majuto ya baadaye. Afadhali wafanyakazi wawe na sacco yao, mwajiri kazi yake iwe kukata na kupeleka kwa wakati, basi. Deni liwe kwa wenzako, si kwa anayeweza kukufukuza.

---

Mjukuu wa Kuli

Babu yangu alikuwa kuli Kilindini zamani za wakoloni. Mnapozungumza haya kama jambo jipya, mjue mji huu umeyapigania zamani. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na dai lao kubwa lilikuwa kodi ya nyumba. Januari 1947 ukaja mgomo mkuu, bandari ikasimama, reli ikasimama, hadi watumishi wa majumbani wakaweka fagio chini, karibu wiki mbili. Babu alikuwa akisema walikuwa wanalala kwa zamu kwenye kitanda kimoja, huyu wa usiku anaingia yule wa mchana anatoka, shuka bado lina joto.

Leo sheria inamtaka mwajiri akupe nyumba au pesa ya kukutosha kupanga. Watu wanaiona ile posho ya nyumba kwenye karatasi ya mshahara kama kitu kilichokuwepo tangu Adamu. Mahali mtu analala ni jambo la nyumbani pia, na mabwana wa wakati ule walisema vile vile alivyosema Cherehani, kazi ni kazi, utalala wapi ni shauri lako.

---

Cherehani Kongowea

Mjukuu, hilo limenipata pabaya, nalipokea. Nimewasoma wote usiku huu.

Nimeamua hivi na mnisahihishe. Kila fundi siku tatu za msiba wa mzazi, mke, mume au mtoto, na shilingi elfu tatu, sawa kwa wote, mwezi mzuri au mbaya. Mtoto akiugua, aje aseme "nina dharura" na inatosha, afidie saa zake ndani ya wiki mbili. Zaidi ya hapo sina uwezo, nisiwadanganye. Nitaiandika kwenye kadibodi niibandike juu ya meza ya kukatia.

---

Baba wa Pacha

Ongeza wiki mbili za baba, ndugu Cherehani, hizo ni sheria. Mimi niliposema nimepata pacha na nataka likizo yangu, ofisi nzima ilicheka, "kwani umezaa wewe?" Mke wangu alipasuliwa. Hakuweza kuinuka kitandani siku tano. Nani angembebea wa pili akimnyonyesha wa kwanza?

---

Cherehani Kongowea

Haya, nimeiongeza. Hongera kwa pacha.

---

Mama Salma wa Kizingo

Nimekuwa nasoma tu. Mjukuu wa Kuli ametaja watumishi wa majumbani, na toka hapo sijatulia.

Tunajadili mameneja wa hoteli na wenye viwanda, lakini wengi wetu humu ni waajiri. Nina dada anayenisaidia nyumbani. Amekaa kwangu mwaka wa nne. Anapika, anafua, anamchukua Salma shule. Sheria ya Ajira inamhusu yeye kama inavyomhusu karani wa godauni: likizo siku 21, siku moja ya kupumzika kila wiki. Mimi nampa Idi na anapoomba.

Jana baada ya kusoma habari ya simu ndani ya soksi nikakumbuka kwamba na mimi nina amri hiyo. Simu yake inakaa juu ya friji hadi saa mbili usiku. Nikamwita tukakaa mezani, chai ya tangawizi, mahamri, hakukaa raha mwanzoni, alikuwa kama anangoja kuambiwa kosa. Nikamwuliza, una nani nyumbani anayekutafuta mchana? Akasema, mwanangu.

Nilijua ana ndugu Kaloleni. Sikujua ana mtoto. Msichana wa miaka tisa, yuko na bibi yake huko kwao, darasa alilofika ni sawa na la Salma wangu. Miaka minne ananifungia nywele za mwanangu kila asubuhi, na mimi sijawahi kuuliza.

Karani, simu sasa anayo mfukoni. Jumapili ni yake tangu wiki hii, na mwisho wa kila mwezi anaondoka Ijumaa mchana hadi Jumatatu asubuhi, nauli ya matatu juu yangu, bila kukatwa. Likizo yake ya siku 21 tumekubaliana aichukue Agosti shule zikifungwa. Za miaka iliyopita bado tunahesabu, naomba mwenye ujuzi anisaidie hapa: nimlipe zote kwa pesa, au nimpe siku?

---

Karani wa Shimanzi

Mama Salma, mwulize yeye kwanza anataka kipi, kisha mwandikiane karatasi mbili, moja akae nayo. Mimi nikipata jibu la kile chumba cha kunyonyesha nitaandika hapa.